Kabla ya Kuomba Leseni ya Kamari Kenya, Panga Njia ya Fedha

Julai 2019 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari nchini Kenya, BCLB, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, kisha ikaiandikia kampuni ya simu ya Safaricom, yenye huduma ya M-Pesa, kutaka nambari zao za kupokelea malipo, paybill, zifungwe. Haikuhitaji kuvunja mlango wa ofisi ya mtu. Kampuni ya kubashiri ambayo mteja hawezi kuitumia pesa, wala kutolewa ushindi wake, imekwisha kazi hata kama kompyuta zake zinawaka na wafanyakazi wako mezani. SportPesa, iliyoanza mwaka 2014 ikafika kuwadhamini Gor Mahia, AFC Leopards na hata Everton ya Uingereza, ilitangaza mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo kuwa inasitisha shughuli zake Kenya. Betin nayo ikafunga. Kama unawazia kuanzisha biashara ya aina hii, anza kwa kuisoma miezi hiyo mitatu. Fomu ya maombi itakungoja.

Kinachoonekana humo ni kwamba leseni ya kamari haifanani na kibali cha duka la vyombo, ambacho mwenyewe hulipia kaunti, akakibandika ukutani na kukisahau mpaka mwaka ujao. Hii ni ruhusa ya kushika fedha za watu wengine, na anayeitoa hubaki na haki ya kuuliza kila siku ni nani anayezishika, amezipata wapi na zinapita njia gani. Ndiyo maana nakushauri ufuate mpangilio ambao waombaji wengi huugeuza. Wao hukodi programu kwanza, wakatafuta jina la kuvutia, wakapaka duka rangi, halafu wakamtafuta wakili wa kujaza karatasi. Wewe anza na watu na mtaji, fuatisha njia ya fedha na ushuru, na programu pamoja na jina vije mwishoni. Mwombaji aliyejipanga hivyo huwa amemaliza sehemu kubwa ya maombi kabla hajagusa fomu. Aliyeshindwa kujipanga hivyo ni afadhali asiombe kabisa, kwa sababu zitakazojitokeza mbele.

Kwanza jua sheria inayokuhusu. Kwa karibu miaka sitini Kenya ilitumia Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 1966, Sura ya 131, iliyotungwa wakati hakuna aliyewaza kwamba mtu angeweza kubashiri mechi ya Uhispania akiwa ndani ya matatu. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, inayoweka mamlaka mpya mahali pa BCLB na kuitambua waziwazi kamari ya mtandaoni. Kipindi cha mpito kama hiki kina mtego wake. Fomu za zamani huendelea kuzunguka, viwango vya ada vya jana hunukuliwa kama vya leo, na mawakala wa vibali hujitokeza wakidai wanamjua mtu ndani. Andika barua, uliza ni jedwali gani la ada na kanuni zipi zinazotumika siku utakayowasilisha maombi, na utunze jibu. Usipange bajeti kwa takwimu ulizosikia mkahawani, wala kwa zile alizolipa rafiki yako miaka mitatu iliyopita.

Katiba ya 2010 nayo imeigawa kazi hii. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa udhibiti wa kamari ya kiwango cha taifa, na papo hapo linazitaja kamari na kasino miongoni mwa shughuli za burudani zilizo chini ya kaunti. Kwa anayetaka kufungua maduka, maana yake ni kwamba idhini ya Nairobi haimwondolei kibali cha kaunti ya Kisumu au Mombasa kwa jengo lenyewe. Ulizia masharti ya eneo kabla ya kutia saini mkataba wa pango, hasa kama kuna shule au nyumba ya ibada jirani, maana upinzani wa wakazi huanzia hapo na mwakilishi wadi huusikia mapema kuliko wewe.

Aina ya leseni nayo si jambo dogo. Kubashiri matokeo ya mechi kwa viwango vya malipo vilivyopangwa, yaani odi, ni shughuli moja. Bahati nasibu ni nyingine. Michezo ya kasino ni nyingine tena. Wauzaji wa programu hupenda kukukabidhi kifurushi chenye kila kitu ndani yake, kuanzia mechi za soka mpaka ile michezo ya ndege inayopaa na kutoweka, nawe unaona umepata kwa bei ya kutupa. Kila kitufe kilicho kwenye tovuti yako lazima kiwe na ruhusa nyuma yake. Kisicho na ruhusa kizimwe siku ya kwanza, hata kama ndicho kinacholeta wateja wengi.

Sasa watu. Utasajili kampuni chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upate nambari ya Mamlaka ya Mapato, KRA, cheti cha kutodaiwa ushuru, na taarifa rasmi ya wakurugenzi na wanahisa ambayo mawakili huiita CR12. Hiyo ni kazi ya wiki chache na haina ujanja. Ugumu uko kwa waliosimama nyuma ya majina hayo. Kanuni za 2020 kuhusu wamiliki halisi zinataka kampuni iwataje watu wenyewe wanaomiliki angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, hata kama wamejificha nyuma ya kampuni nyingine au ndugu waliokopeshwa hisa. Mjomba aliyetoa nusu ya mtaji lakini hataki jina lake lionekane atakuangusha. Mfadhili wa ng'ambo anayetaka kushikiliwa hisa na dereva wake, vivyo hivyo. Mdhibiti hupima kufaa kwa mtu: rekodi yake ya jinai, madeni yake, kampuni alizoziongoza zikafilisika, uhusiano wake na wanasiasa. Cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, DCI, kinatoa picha ya rekodi ya jinai tu. Hayo mengine utayajibu kwa stakabadhi.

Wageni wana la ziada. Mwaka 2019, wakati leseni zilipokuwa zikikaguliwa upya, serikali ilikagua pia vibali vya kazi vya wakurugenzi wa kigeni wa kampuni za kamari, na baadhi yao waliamriwa kuondoka nchini. Ukiwa na mshirika wa kigeni, hakikisha kibali chake kinalingana na kazi anayoifanya kweli, na ziwepo hati zinazoonyesha kuwa Wakenya walio kwenye bodi wanaamua mambo. Mkurugenzi asiyeweza kueleza jinsi odi zinavyopangwa au nani ana ufunguo wa akaunti ya benki huonekana upesi sana kwenye usaili.

Baada ya watu, mtaji. Hapa waombaji hufikiria ada ya leseni tu, kumbe ndiyo sehemu nyepesi. Swali zito ni kama una uwezo wa kulipa siku mbaya ikifika. Mei 2017 mshindi mmoja wa jackpot ya SportPesa alipewa zaidi ya shilingi milioni 221. Kampuni yako haitatangaza donge la ukubwa huo mwanzoni, lakini hata bila jackpot kuna Jumamosi ambayo timu kubwa zote zinashinda nyumbani, kila mbashiri wa kawaida alikuwa amezichagua, na unatakiwa kulipa kabla ya Jumapili asubuhi. Dhamana ya benki, ambayo mdhibiti huidai ili wateja wasibaki mikono mitupu kampuni ikianguka, ina gharama yake: benki itazuia fedha au mali yako kama rehani, na kiasi hicho hutakitumia kulipia matangazo. Kwa hiyo tenga mafungu matatu yasiyochanganywa: dhamana, akiba ya kulipa washindi, na mtaji wa kuendeshea shughuli kwa angalau mwaka mzima bila faida. Kila fungu lionyeshe chimbuko. Mauzo ya shamba yawe na mkataba na stakabadhi ya ushuru. Mkopo uwe na masharti yaliyoandikwa. Faida ya biashara nyingine iwe kwenye hesabu zilizokaguliwa. Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalosimamia vita dhidi ya fedha haramu, Februari 2024 kwa sababu ya udhaifu katika kuzuia utakatishaji wa fedha, na tangu hapo swali la chimbuko la fedha linaulizwa na benki kwa ukali uleule wa mdhibiti. Ukilijibu vizuri benki, umelijibu pia kwenye maombi.

Sasa njia ya fedha, ambako kampuni nyingi huumia. Chora kwenye karatasi safari ya shilingi 100 tangu inapotoka M-Pesa ya mteja mpaka inaporudi kwake au kubaki kwako, na kila mahali inapokatwa andika nani anakata na lini inawasilishwa. Kisha tazama jinsi makato hayo yalivyoyumba. Ushuru wa mapato ya kubashiri ulikuwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 35 Januari 2018, ukashushwa hadi 15 kabla ya mwaka kumalizika. Ushuru wa bidhaa kwenye dau uliwekwa asilimia 20 kwa Sheria ya Fedha ya 2019, ukafutwa 2020, ukarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukawa 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024. Sheria ya Fedha ya 2025 ikauhamisha kutoka kwenye dau hadi kwenye pesa mteja anazoweka, kwa asilimia 5, na ushuru wa zuio wa asilimia 20 uliokatwa kwenye ushindi ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya pesa anazotoa.

Tofauti kati ya kutoza dau na kutoza mapato ya kampuni inaweza kukuua, kwa hiyo tuikokotoe. Tuseme madau ya mwezi ni shilingi milioni 10 na unarudisha milioni 8.8 kwa washindi. Mapato yako ghafi ni milioni 1.2. Ushuru wa asilimia 15 wa mapato hayo ni shilingi 180,000, nawe unabaki na kitu cha kulipia mishahara, programu na pango. Lakini asilimia 20 ya madau ni milioni 2, kiasi kinachozidi mapato yote. Mzigo huo hubebwa na mteja, ni kweli, ila mteja anayeona dau lake la shilingi 100 limegeuka 80 kabla mechi haijaanza hupunguza kucheza au huhamia tovuti zisizo na leseni. Mpango wa biashara unaowasilisha pamoja na maombi uwe na hesabu za viwango angalau vitatu tofauti. Ukionyesha kiwango cha leo peke yake, unamwambia msomaji makini kwamba hujasoma historia ya sekta unayoiingia.

Mzozo wa leseni wa 2019 uliwaka pia kwa sababu ya jambo dogo la maneno. KRA ilihesabu ushindi pamoja na dau lenyewe. Kampuni zikasema dau ni pesa ya mteja inayorudi, si ushindi. Deni lililozaliwa na tofauti hiyo likawa mabilioni ya shilingi, na kutodaiwa ushuru ni sharti la kuhuishwa leseni. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mpe mshauri wa ushuru kazi ya kuandika jinsi kampuni yako inavyotafsiri kila kipengele, na panapokuwa na utata omba uamuzi wa KRA kwa maandishi. Hakikisha pia programu inaweza kukata na kuwasilisha kila siku, kwani tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ushuru wa kamari hutarajiwa ndani ya saa 24 badala ya mara moja kwa mwezi. Programu ya bei nafuu iliyotengenezewa soko jingine mara nyingi haiwezi, na kuirekebisha baadaye hugharimu kuliko kununua inayofaa.

Ndipo programu, jina na anwani ya tovuti vinapoingia, na hapa kuna somo la Oktoba 2020. Kampuni ya Milestone Games ilitangaza kulirudisha jina la SportPesa sokoni. BCLB ikapinga, ikisema jina hilo, tovuti na nambari za malipo vilifungamana na kampuni nyingine iliyoviendesha awali, Pevans East Africa, na suala likaishia kortini. Leseni huandikwa kwa kampuni fulani, kwa jina fulani la biashara, kwa tovuti na nambari fulani. Sajili alama ya biashara kwa jina la kampuni ileile inayoomba leseni, na mkataba wa programu useme wazi nani anamiliki orodha ya wateja siku mkiachana. Orodha hiyo ina sheria yake: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kamari ni miongoni mwa shughuli ambazo lazima zisajiliwe kwa Kamishna wa Data hata kama kampuni ni ndogo. Mtoto wa chini ya miaka 18 asipite, na kuuliza tarehe ya kuzaliwa pekee hakutoshi. Fungamanisha akaunti na kitambulisho pamoja na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo.

Matangazo yawekee bajeti ndogo kuliko unavyotamani. Tarehe 29 Aprili 2025 BCLB ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikapeleka matangazo kwenye ukaguzi wa Bodi ya Uainishaji Filamu na kuwazuia watu mashuhuri kuyapigia debe. Mpango unaotegemea msanii maarufu kuleta wateja elfu hamsini mwezi wa kwanza hauna maana tena.

Wapo watakaosema haya yote ni uzito usio wa lazima, kwani leseni ya Curaçao hupatikana haraka na tovuti haina mpaka. Ni kweli zipo tovuti za namna hiyo na zina wateja Kenya. Lakini mteja wa Kenya hulipa kwa M-Pesa, na njia hiyo iko mikononi mwa kampuni inayosimamiwa nchini. Utaishia kutumia nambari za watu binafsi, mawakala wa mitaani au sarafu za kidijitali, na kwa kufanya hivyo utakuwa umejenga ushahidi dhidi yako mwenyewe. Tena leseni haivuki hata Namanga au Busia. Tanzania ina Bodi yake ya Michezo ya Kubahatisha tangu 2003, na Uganda ina sheria yake ya 2016 inayotaka mchezaji awe na miaka 25. Anayeota soko la Afrika Mashariki nzima aandae maombi matatu.

Wengine watasema mambo ya 2019 yalikuwa siasa, na mwenye wakubwa hafungiwi. Siwezi kuapa kwamba siasa haikuwemo. Sekta yenye fedha nyingi na lawama nyingi za vijana kupoteza karo haiwezi kuepuka macho ya wanasiasa. Ila hoja hiyo inaniunga mkono. Kampuni zilizofungiwa hazikuwa za mafukara wasiojulikana, na ukubwa wao haukuzikinga. Anayetegemea mtu badala ya stakabadhi atabadilishiwa mtu baada ya uchaguzi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba dhamana na ada kubwa zinawaachia soko matajiri na wageni. Nalikubali kwa sehemu. Kijana mwenye milioni mbili na ujuzi wa kompyuta hawezi kuingia kwa mlango huu, na pengine atakuwa na maarifa kuliko anayeingia. Hata hivyo mtaji mdogo katika kazi hii hauumizi mwenye kampuni peke yake. Akishindwa kulipa Jumamosi moja, wanaolia ni mamia waliomwachia pesa zao. Kama mtaji wako ni mdogo, kuna njia halali: kuwa wakala wa duka chini ya kampuni yenye leseni, au kutengeneza na kuuza huduma ambazo kampuni hizo zinahitaji, kama uhakiki wa umri au takwimu za mechi, ukichunguza kwanza kama huduma hiyo nayo inadai idhini. Kwenye uwakala, soma mkataba uone nani anabeba hasara ya tiketi iliyolipwa kimakosa, na dai nakala ya leseni inayotaja tawi lako. Jihadhari na anayekuahidi kukukodishia leseni yake uendeshe jina lako chini yake kimyakimya. Ruhusa aliyopewa yeye haikuhusu.

Maombi yakishaingia, tulia na ujibu kila swali kwa barua yenye tarehe na nakala. Usifungue milango kwa kisingizio cha kujaribu mfumo wakati maombi yanachambuliwa, hata kwa marafiki. Weka kalenda ya kuhuisha leseni: chini ya utaratibu wa zamani mwaka wa leseni uliishia 30 Juni, sambamba na mwaka wa fedha wa serikali, na waliongoja Juni kutafuta cheti cha ushuru walijikuta kwenye foleni na kila mtu mwingine. Anza miezi minne kabla ya tarehe yoyote iliyo kwenye leseni yako. Na ukikataliwa, usikubali jibu la simu. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinakupa haki ya kudai sababu kwa maandishi. Sababu hizo ndizo utakazopeleka kwenye rufaa, au ndizo zitakazokuonyesha ni mwanahisa yupi au akaunti ipi ya kurekebisha kabla ya kuomba tena.